Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame

Methali hii kila mtu anaijua, na aghalabu hutumiwa kumwonya mvivu. Shilingi ikidondoka na kubingirika mvunguni, tajiri na maskini huinama sawasawa, wala hakuna aliyewahi kuiokota hali amesimama wima. Lakini methali hii ina maana nyingine iliyo ndani zaidi. Mtu atafutaye hekima ya moyo, ile nuru isiyouzwa dukani wala kutolewa pamoja na cheti cha shule, naye hana njia ila kuinama. Humpasa kuacha kiburi na kutazama mahali penye giza, na mahali penyewe ni ndani ya nafsi yake mwenyewe.

Katika mji wa Wajir, mwaka 1993, bibi mmoja aliianza safari hiyo akiwa mvunguni mwa kitanda hasa, si kwa mfano wa maneno. Jina lake ni Dekha Ibrahim Abdi. Habari zake zafaa kusomwa na kila mtu ajiulizaye hekima hupatikana wapi, na mtu huijuaje akishaipata.

WALE WAENDAO MBALI

Watu wengi hudhani kwamba nuru ya moyo iko mbali, na kwamba aitakaye hana budi kufunga safari. Fikira hiyo haikosi sababu. Imamu Ghazali, mwanachuoni aliyesifiwa katika nchi zote za Kiislamu, alikuwa mwalimu mkuu katika chuo cha Nidhamia huko Baghdad, akasikilizwa na mamia ya wanafunzi. Hata ilipofika mwaka 1095, ulimi wake ulimfunga asiweze kufundisha. Akaacha cheo, akaenda Sham, na Yerusalemu, na Maka, na miaka zaidi ya kumi ikapita kabla ya yeye kukubali tena kazi ya ualimu wa hadharani. Karibu zaidi na nchi hizi alikuwako Sheikh Uways wa Barawa, aliyezaliwa mwaka 1847. Yeye naye alikwenda Baghdad kujifunza njia ya Kadiria, kisha akarudi akaieneza katika nchi ya Wasomali mpaka Unguja, hata alipouawa mwaka 1909.

Lakini msomaji akiichunguza habari ya Ghazali ataona jambo lipasalo kukumbukwa. Ghazali mwenyewe aliandika kwamba kilichomtoa Baghdad hakikuwa uchache wa elimu. Alijiuliza kwa nini anafundisha, akaona kwamba jibu la kweli lilikuwa sifa na jina kubwa. Basi safari yake ilianza siku ile alipojiuliza swali hilo, akiwa bado nyumbani kwake, kabla ya kufunga mizigo. Mtu aweza kwenda Baghdad na kurudi asijiulize swali hilo hata mara moja. Na mwingine aweza kujiuliza pasipo kuvuka mto.

NCHI YENYE VISIMA

Mtu atokaye Nairobi huvuka mto Tana kwa daraja ndipo aingie Garissa. Akiendelea kaskazini, kupita Modogashe na Habaswein, ataona nchi tambarare yenye vichaka, ngamia na vumbi, mpaka afike Wajir. Mji huo umekaa mahali hapo kwa sababu moja, nayo ni visima. Maji yake hayako mbali chini ya ardhi, kwa hiyo tangu zamani koo mbalimbali za wafugaji zimekutana hapo kunywesha mifugo. Mahali wanapokutana watu wenye kiu, hapo pana urafiki, na hapo pana ugomvi pia.

Bibi Dekha alizaliwa Wajir mwaka 1964, katika siku mbaya. Tangu mwaka 1963 mpaka 1967 palikuwa na vita viitwavyo vya Shifta, kwa sababu wenyeji wengi wa wilaya za kaskazini walitaka kuungana na Somalia, na serikali ya Kenya haikukubali. Vita vikaisha, lakini sheria za hali ya hatari zikabaki katika sehemu hizo mpaka mwanzo wa miaka ya 1990. Mwezi wa Februari 1984 wanaume wengi wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari wa serikali katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, na wengi wao hawakurudi makwao. Kisha, ilipofika mwaka 1991, serikali ya Somalia ikaanguka, silaha na wakimbizi wakavuka mpaka, na ukame ukaua mifugo. Mwaka 1992 koo za Wajir, yaani Ajuran, Degodia na Ogaden, zikaanza kuuana.

Katika hali hiyo ni rahisi mtu kusema kwamba ubaya wote umetoka nje: kwa serikali, kwa ukame, kwa ukoo wa pili. Kila moja katika sababu hizo ina kweli yake. Lakini mwenye kusema hivyo, na kukoma hapo, hana la kufanya ila kungoja.

USIKU WA RISASI

Katikati ya mwaka 1993 risasi zililia usiku karibu na nyumba ya Bibi Dekha. Alimkimbilia mtoto wake wa kwanza, akaingia naye mvunguni, wakalala hapo saa nyingi huku risasi zikipita chumbani. Kulipokucha alisikia habari kwa mama yake mzazi. Mama akamweleza kwamba mwaka 1966 yeye naye alifanya vivyo hivyo: alimficha mtoto wake mvunguni, na mtoto huyo alikuwa Dekha.

Basi mambo hayo mawili yakakutana katika fikira za mwanamke mmoja. Miaka 27 imepita. Aliyefichwa sasa ndiye anayeficha. Kama hakuna kitakachobadilika, mtoto huyu naye siku moja atamwingiza wake mvunguni. Hapo Bibi Dekha angaliweza kuchagua chuki, wala hapana ambaye angalimshangaa. Yeye akaona kwamba kitu hicho hakina budi kukomeshwa, na kwamba kazi hiyo haiwezi kungojea mtu mwingine.

Hakuona maono, wala sauti haikumwita kutoka mbinguni. Alimsikiliza mama yake asubuhi, akayaamini aliyoyasikia, akakubali kwamba yanamhusu. Wengi husikia maneno makubwa kuliko hayo wasibadilike.

SWALI GUMU

Palikuwa na arusi mjini, na wanawake wa koo mbalimbali wakakutana huko. Wakazungumza habari ya mauaji, na baada ya hapo wachache wao, hawakutimia hata kumi na wawili, wakaanza kukutana. Bibi Dekha, ambaye alikuwa amefanya kazi ya ualimu, alikuwa mmoja wao.

Mtu angetazamia kwamba wangeanza kwa kuandika barua kwa Bwana Mkuu wa Wilaya, au kwa kuwalaumu wazee. Wao walianza kwa kuulizana swali, na swali lenyewe ndilo lililobeba kazi yote iliyofuata. Kila mmoja aliulizwa kama ataendelea kushirikiana na mwenzake hata kama ukoo wa mwenzake huyo utawaua jamaa zake yeye. Asiyeweza kujibu ndiyo, asijidanganye kwamba yumo katika kazi ya amani.

Swali hilo halijibiwi na ulimi. Anayeulizwa huanza kuwaona machoni kaka yake, baba yake, mtoto wa shangazi yake. Hujiuliza: Je, siku hiyo nitabaki mtu yule yule niliye leo? Amani ninayoisema ni amani kweli, au ni hamu ya kuona ukoo wangu umeshinda na kutulia? Wanawake hao waliinama, kila mmoja akatazama alichokuwa nacho ndani, nao waliobaki katika kundi walibaki wakijua gharama yake. Kwa hiyo, baadaye, damu ilipomwagika tena, na kweli ilimwagika, kundi halikuvunjika.

SOKONI NA KWA WAZEE

Hapo ndipo walipotoka nje. Mahali pa kwanza palikuwa soko. Wakati ule mwanamke wa ukoo mmoja hakuweza kuuza maziwa au kununua nafaka mahali penye watu wa ukoo mwingine pasipo hofu. Wanawake wakapatana kwamba soko liwe la kila mwanamke, awe wa ukoo gani. Wakaweka walinzi wao wenyewe, wa koo zote, watazame mambo ya kila siku. Na palipotokea matusi au ugomvi wa bei, waliutuliza upesi kabla haujafika kwa wanaume wenye bunduki. Jambo hilo ni dogo, la maziwa na vibaba. Lakini koo zilizoweza kuuziana zilianza kuweza kusemezana.

Mahali pa pili palikuwa kwa wazee. Kwa desturi ya Wasomali mambo ya vita na dia huamuliwa na wazee wanaume, na wanawake hawaketi katika baraza hilo. Wanawake wa Wajir hawakwenda kuwapigia wazee kelele. Waliwatafuta wazee wa koo ndogo, zisizokuwa katika vita, na mzee wa ukoo mdogo kuliko zote akawa msemaji wao. Mzee huyo akawauliza wakubwa wa koo zinazopigana kwa nini hasa wanapigana, na ni nani anayefaidika jamaa zao wanapoangamia. Kwa kuwa hakuwa na jeshi wala hakutaka cheo, hapakuwa na mtu wa kusema kwamba anajitafutia lake. Katika mwaka huo huo wa 1993 wazee walikubaliana masharti ya amani yaitwayo Al Fatah.

Baada ya wazee wakaendewa vijana, maana wao ndio waliokuwa na bunduki. Baada ya vijana wakaendewa wafanya biashara, maana kijana aliyeacha bunduki hutaka kazi, asipoipata huirudia. Mwaka 1995 makundi hayo yote, pamoja na maofisa wa serikali na viongozi wa dini, yakaungana kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na Bibi Dekha akawa katibu wake. Njia hiyo ya kamati za amani ilifuatwa baadaye katika wilaya nyingine. Mwaka 2001 wazee wa Garissa, Wajir, Mandera na Isiolo walikutana Modogashe wakapatana sheria za malisho, visima, mifugo iliyoibiwa na dia.

NAFSI TATU

Mwaka 2007 Bibi Dekha alipewa huko Stockholm, Uswidi, nishani ya Right Livelihood, ambayo wengi huifananisha na ile ya Nobel. Wakati huo alikuwa amekwisha kufundisha kazi ya kupatanisha katika nchi nyingi. Wageni walimwuliza ameipata wapi elimu hiyo. Naye hakuficha kwamba, pamoja na mafunzo ya vyuoni, chimbuko lake lilikuwa dini yake, na hasa mafundisho ya Kurani juu ya nafsi.

Mafundisho hayo hujulikana na kila aliyekaa katika duksi kwa bidii, ingawa si wengi wayatumiao. Wanavyuoni hutaja hali tatu za nafsi. Ya kwanza, iliyotajwa katika Sura ya Yusuf, ni nafsi iamrishayo maovu. Hiyo humsukuma mtu kulipiza, kunyakua na kujisifu, naye hudhani kwamba anayetaka hayo ni yeye mwenyewe. Ya pili, iliyotajwa katika Sura ya Kiyama, ni nafsi ijilaumuyo. Hapa mtu ameanza kujiona. Hufanya kosa, lakini hapati usingizi mpaka amelitazama. Ya tatu, iliyotajwa katika Sura ya Alfajiri, ni nafsi iliyotulia. Haitikisiki kwa sifa wala kwa hasara, kwa maana imejua iko mikononi mwa nani.

Yafaa kuangalia jinsi mafundisho hayo yanavyofanya kazi. Kwanza, mtu hatoki katika nafsi ya kwanza akaingia ya tatu kwa kuruka. Njia yapita katika ile ya kati, nayo ina uchungu. Wengi waitakao nuru hutaka utulivu pasipo lawama. Wao husali, husoma, hufunga, na bado hawataki kusikia habari ya deni wasilolipa au ndugu wasiyesema naye. Pili, nafsi hizo hazikupangwa kama madaraja ya shule, kwamba aliyefaulu harudi nyuma. Mtu aliyetulia asubuhi aweza kuamrishwa na hasira jioni, akitukanwa sokoni. Kwa sababu hiyo kazi ya kujihesabu haiishi.

Tatu, na hapa ndipo Wajir ilipofundisha jambo kubwa, yasemwayo juu ya nafsi ya mtu mmoja huweza kusemwa juu ya nafsi ya watu wengi. Ukoo nao una nafsi iamrishayo maovu. Hukumbuka kila ngamia wake aliyeibiwa na kumsahau kila aliyemwiba. Kabila lina nafsi hiyo, na chama cha siasa, na hata msikiti na kanisa. Wazee waliokaa kuandika masharti ya amani walikuwa katika hali ya pili, hali ya ukoo kujilaumu mbele ya wengine. Kuketi hivyo ni vigumu kuliko kupigana, kwa maana mtu apiganaye hupigiwa vigelegele na jamaa zake, bali ajilaumuye huitwa msaliti.

MGENI WA WAJIR

Haingekuwa haki kuandika habari za Wajir kana kwamba nuru ilikuja kwa njia ya dini moja tu. Katika mji huo huo aliishi bibi Mkristo kutoka Italia, Annalena Tonelli, aliyezaliwa mwaka 1943. Alisomea sheria, akafika Kenya mwaka 1969, na baada ya muda mfupi akaenda kukaa Wajir, ambako karibu kila mtu alikuwa Mwislamu. Hakuwa sista wa shirika lo lote. Alikuwa mtu wa sala na upweke, mwenye kuishi maisha ya kimaskini.

Aliona kwamba wafugaji walikuwa wakifa kwa kifua kikuu kwa sababu dawa za siku zile zilitaka muda mrefu, na mfugaji akishapata nafuu hufuata mifugo yake, ugonjwa ukamrudia. Basi yeye na wenzake wakawapa wagonjwa nafasi ya kupiga vibanda vyao wenyewe nje kidogo ya mji, wakae humo na jamaa zao kwa desturi zao, na kila siku wameze dawa mbele ya mwangalizi mpaka zimalizike. Kazi hiyo, iliyoanza mwaka 1976, ikawa mfano uliosifiwa na Shirika la Afya la Dunia. Mwaka 1984 alikwenda kuwaokoa majeruhi wa Wagalla na kuzika maiti, akasimulia aliyoyaona, na baadaye akalazimika kuondoka Kenya. Aliendelea na kazi yake kwa Wasomali, mpaka tarehe 5 Oktoba 2003 alipopigwa risasi akafa huko Borama, karibu na hospitali aliyoijenga.

Bibi huyu na Bibi Dekha hawakusali sala moja. Lakini wote wawili walipoingia ndani ya nafsi zao walikuta njia inayotokea upande wa pili, kwa jirani. Kwa mmoja jirani alikuwa mgonjwa anayekohoa, kwa mwingine alikuwa mwanamke wa ukoo wa adui. Hapa msomaji apata kipimo cha kutumia. Mtu akisema ameangaziwa, asiulizwe ameona nini. Watazamwe wale wakaao karibu naye, kama hofu yao imepungua.

SIKU YA MIZANI

Hekima ya moyo haijulikani siku ya raha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya waliuana, watu zaidi ya 1,100 wakafa. Bibi Dekha hakubaki Wajir akasema kwamba sasa ni zamu ya watu wa bara kuonja. Alijiunga na Balozi Bethuel Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, Jenerali Daniel Opande na Bwana George Wachira, wakawakutanisha watu wa kila upande katika hoteli ya Serena mjini Nairobi, siku baada ya siku, kutafuta njia ya kuzima moto. Mwezi wa Julai 2011 alikuwa safarini kwenda Garissa kwa kazi ya amani, gari lao likapata ajali. Mumewe na dereva walikufa, naye akafariki hospitalini Nairobi tarehe 14 ya mwezi huo.

Kaskazini Mashariki ilipata mitihani mingine baada yake. Mwezi wa Novemba 2014 washambuliaji walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga wasiokuwa Waislamu, wakaua watu 28. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na huko pia wauaji waliuliza dini. Kisha mwezi wa Desemba 2015 basi jingine, liendalo Mandera, likasimamishwa karibu na El Wak, na amri ikatolewa ile ile, kwamba abiria wajitenge. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa mmoja wa abiria hao, alipigwa risasi, akafa mwezi wa Januari 2016.

Katika basi hapakuwa na nafasi ya kuanza kutafuta hekima. Kila abiria alijibu kwa kile alichokuwa nacho tayari. Swali la wanawake wa Wajir, lililoulizwa baada ya arusi mwaka 1993, liliwafikia abiria hao kwa sura nyingine, nao wakalijibu ndiyo.

KWA MKULIMA NA KARANI

Pengine msomaji atasema kwamba mambo hayo ni ya watu wakubwa, naye ana shamba la ekari mbili au meza ya ofisi yenye mafaili. Lakini karani ndiye ajuaye vizuri kuliko wote maana ya kufunga hesabu. Kila jioni hulinganisha fedha iliyoingia na iliyotoka, na shilingi moja ikipungua halali. Karani huyo huyo, je, amewahi kufunga hesabu ya nafsi yake? Leo watu wawili walifika dirishani. Mmoja wa kabila lake alihudumiwa kwanza, wa pili akaambiwa arudi kesho. Hesabu hiyo imeandikwa wapi?

Na mkulima aliyegombana na jirani kwa ajili ya mpaka, anajua moyoni jiwe la mpaka lilikuwa wapi siku za baba yake. Hahitaji kwenda Baghdad kupata nuru ya jambo hilo. Yamtosha kuwa na ujasiri wa kusema analolijua.

Atakaye kuanza aweza kujiuliza mambo matatu kabla ya kulala. La kwanza, leo nimeamrishwa na nini: hasira, tamaa, woga au haki? La pili, ni nani aliyeumizwa nami, na je, nimejilaumu au nimejitetea? La tatu, lile la wanawake wa Wajir: ukoo wake ukinikosea kesho, nitamtendea mtu huyu vile vile nilivyomtendea leo? Asijibu upesi. Jibu la kwanza aghalabu hutolewa na ile nafsi iamrishayo, kwa kuwa ndiyo yenye ulimi mwepesi kuliko zote. Na jibu likiwa baya asikate tamaa, maana kulijua ni kufika katika hali ya pili, na aliye katika hali ya pili amekwisha kuondoka alipokuwa.

Asubuhi yake afanye jambo moja tu kwa sababu ya jibu alilolipata. Amsalimu aliyeacha kumsalimu, arudishe kilichozidi, amhudumie wa pili kwanza. Wanawake wa Wajir walianza na maziwa sokoni. Kwa maana hiyo wahenga hawakusema kwamba atakaye cha mvunguni akisifu, wala akizungumze, wala akingoje kitoke chenyewe. Walisema ainame.